Nani Alirekebisha Masikio ya Nyanya?

Siakago,
Januari 20, 2025

Kwako Kaberia, mtoto wa mama,

Salamu kutoka nchi ya jua. Sisi huku ni wazima, tunakauka tu polepole. Shemeji yako Ndambiri amerudi shuleni kufundisha na kikohozi chake cha chaki kimerudi naye. Ndengu zimefanya vizuri msimu huu. Nimekuwekea mikebe miwili ya gorogoro ndani ya kifurushi hiki, pamoja na kazi za picha za kuchapishwa, ingawa najua Peninah wako atasema zina mchanga. Mwambie azipepete. Nyanya anaendeleaje huko Timau? Ulienda kumwona Krismasi, ama ulimtumia sukari na mtu wa bodaboda kama kawaida yako?

Naandika kwa kalamu kwa sababu umeifungia simu yangu tangu tulipozozana siku ya kumzika baba. Sawa. Kifurushi huwezi kukifungia. Lazima ukifungue utoe kazi za wateja wangu, na barua utaiona tu.

Wiki jana tulimzika shangazi yake Ndambiri kule Kanja. Alikuwa mama mzee sana, na masikio yake yalitogwa akiwa msichana, ndewe zikavutwa zikaning'inia hadi karibu na taya, vile wazee wetu walivyojipamba. Kanja nzima ilimjua kwa hayo masikio. Basi nikapewa programu ya mazishi, nikatazama picha ya jalada, nikamuuliza Ndambiri tumekuja kumzika nani. Pale palikuwa na mama mmoja wa mjini, uso laini kama sahani iliyooshwa sasa hivi, masikio madogo ya mviringo, na kwenye kila sikio kipuli cha lulu. Nyuma yake kulikuwa na mawingu, ngazi ya dhahabu, na njiwa ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umesahauliwa. Nikageuza nyuma nijue ni mwendawazimu gani ametoa kazi kama hiyo mlangoni. Pale chini kabisa pameandikwa Kobia Studio, Meru, jina la baba yetu.

Nilikikalia hicho kijitabu ili wakwe zangu wasione jina.

Nilishanyamaza kuhusu yale makoti. Kila mwanaume anayekufa kati ya Maua na Chuka siku hizi unamvalisha kwenye picha koti moja la bluu na tai nyekundu, hata mzee ambaye hajawahi kumiliki shati lenye kola. Siku ya ufufuo watagombania hilo koti. Lakini kumkata mama wa watu masikio, Kaberia, na kumtia lulu?

Unakumbuka baba alivyokuwa akipima kazi. Hakuita mteja kabla hajaiweka picha dirishani, uso ukitazama barabara. Mpita njia akisimama akataja jina la mwenye picha bila kuulizwa, kazi imepita. Akiuliza huyu ni nani, baba anaichana na kuanza upya, hata kama mteja mwenyewe ameipenda. Hiyo ndiyo iliyompa jina.

Mimi sidai duka. Lilienda kwako kwa sababu wewe ndiwe mwanaume, na mimi nikaolewa ng'ambo ya mto Thuci. Nadai tu usiandike jina la baba kwenye uchafu.

Halafu nitumie ile filamu ya picha ya nyanya, aliyoipiga baba pale mlangoni Timau. Nataka kuitengeneza kubwa.

Dada yako,
Celina

*

Makutano, Meru,
Februari 14, 2025

Dada Celina,

Ndengu zimefika. Zina mchanga.

Sisi tu wazima. Peninah anakusalimu, ingawa ulivyomtaja si vizuri. Nyanya yupo. Mvua bado, lakini huku kwetu miti ina majani, kama bado unakumbuka majani yanafanana vipi.

Kazi zako nimezichapisha. Nilishangaa kuona bado unaandika jina la marehemu kwa herufi ulizochora kwa mkono. Watu watasema tumekosa kompyuta.

Sasa nikujibu kuhusu huyo mama wa Kanja. Mwanawe, Kithaka, ambaye ni mwalimu mkuu na si mtu wa kuokotwa, alisimama hapa kaunta akaitazama picha akatokwa na machozi. Alisema mama yake hajawahi kupendeza hivyo. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Wewe uliyeenda kula wali wa matanga ndiwe uliyeona makosa. Mimi nilisoma kwamba mteja akiridhika, kazi ni nzuri. Wewe ulisoma wapi?

Na usiniletee dirisha la baba. Enzi ya baba mji huu ulikuwa na barabara moja na kila mtu alijua ng'ombe wa mwenzake. Leo nikiweka picha dirishani atapita muuza miwani, mwanafunzi wa chuo, na mtu anayetafuta choo. Nani atataja jina? Hawajui hata wanaoishi nao ploti moja. Mtu anafariki Jumapili, familia inakuja Jumatatu, Alhamisi anazikwa. Wewe kazi moja unailalia kama kuku wa mayai mpaka matanga yanaisha. Sifa zako za ubora ni za mtu asiye na wateja.

Mashine niliyonunua inanyoosha uso, inaondoa madoa, inajaza palipopasuka. Ikiona sikio lililoharibika inalirekebisha yenyewe. Sikuiambia. Labda ni hiyo muguka mnayotafuna huko kwenu inayokufanya uone masikio kila mahali.

Filamu ya nyanya nitaitafuta. Stoo imejaa vitu.

Ni mimi,
Kaberia

*

Siakago,
Machi 10, 2025

Kaberia,

Nakusalimu, na umsalimu Peninah, na umwombe radhi kwa niaba yangu kwa kuolewa na wewe. Huku mbuzi wamezaa. Ndambiri alipata dawa ya kifua na sasa tunalala.

Umeandika "sikio lililoharibika". Nimeisoma hiyo sentensi jikoni, nikaisoma tena nje kwenye mwanga nikidhani nimekosea. Sikio lililoharibika. Msichana alikaa na kijiti sikioni akaongeza kingine kinene zaidi, akavumilia maumivu ili apendeze, akapendeza, akaolewa, akazaa huyo Kithaka wako. Halafu mashine iliyotengenezwa na watu wasiojua hata Kanja iko upande gani inamtazama na kusema ameharibika. Na wewe, mjukuu wa mwanamke mwenye masikio hayo hayo, unaiambia asante.

Nitakuambia kwa nini Kithaka alilia. Amewaonea wenzake haya kwa sababu ya masikio ya mama yake tangu akiwa chuo cha ualimu. Ndambiri ameniambia hata siku ya kuhitimu alimwomba mama ajifunge kitambaa. Ulichompa si picha ya mama, ulimpa ruhusa. Machozi kama hayo hata kinyozi anaweza kuyaleta.

Mimi bado naweka picha dirishani. Ndiyo, Siakago ni kijiji, kila anayepita anajua watu. Mwezi jana niliweka mzee mmoja mchungaji wa Kiritiri, na mama muuza maziwa akasimama akaanza kumdai chupa zake kabla hajakumbuka kwamba amefariki. Kazi ikatoka siku hiyo hiyo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na wewe kwa hayo mawingu na ngazi unatembeza sana.

Filamu ni ile ambayo nyanya ameketi mlangoni, kichwa kimenyolewa, masikio huru, anamcheka baba kwa sababu kamera imekwama. Sanduku la bati, juu ya rafu, kushoto. Huna haja ya kutafuta. Nyoosha mkono.

Hukusema anaendeleaje. Uliandika "yupo". Hata ukuta upo.

Celina

*

Makutano, Meru,
Mei 6, 2025

Dada,

Nimechelewa kujibu. Mvua ilibeba barabara ya nyuma, na kazi zilikuwa nyingi, jambo ambalo wewe huwezi kulielewa.

Watoto wamefunga shule na wamefungua. Peninah siku hizi anaenda Timau kila wiki kumsaidia nyanya kuoga na mambo mengine. Tumemsogezea kitanda karibu na moto. Anakula.

Habari kubwa ni hii. Kanisa la Timau linataka kumfanyia nyanya ibada ya shukrani, kwa sababu ndiye mzee kuliko wote waliobaki katika wale waliobatizwa zamani. Itakuwa Juni, Jumapili ya tatu. Nimejitolea bango. Si bango la kawaida, ni bango la upana wa lango la shamba, rangi kamili, litaonekana kutoka kwenye mashamba ya ngano. Na jina la Kobia Studio litakuwa chini, herufi za kusomeka. Watu wote wa huko juu wataona kazi yetu. Baba angefurahi.

Unakaribishwa kama mgeni mwingine yeyote.

Kaberia

*

Siakago,
Mei 19, 2025

Kaberia,

Hatujambo. Joto ni lile lile.

Nimeuliza filamu mara mbili na umejibu kwa bango. Kitanda kimesogezwa karibu na moto, Peninah anamwogesha, na wewe unaniandikia "anakula" kana kwamba nimeulizia ndama. Mimi si mtoto. Kama nyanya anaondoka, sema anaondoka.

Sitakuja kusimama chini ya bango lako nipigiwe makofi kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Lakini sikiliza neno moja. Usiguse masikio yake. Weka njiwa, weka ngazi, weka na malaika wa bluu mwenye tai ukitaka. Ukiyagusa masikio, panda ngazi halisi uling'oe jina la baba ukutani kwa mkono wako.

Celina

*

Makutano, Meru,
Juni 30, 2025

Dada Celina,

Natumai mu wazima. Mimi ni mzima wa mwili.

Umeshasikia, maana Timau yote imesikia na Siakago haina kazi nyingine. Lakini heri upate habari kwangu kuliko kwa wale washenzi wa jumuiya ya kanisa walioipamba.

Bango lilifungwa kati ya mikaratusi miwili mbele ya kanisa. Lilikuwa zuri. Hata sasa nasema lilikuwa zuri, rangi zilikaa, mishono haikuvuta. Nyanya alikuja akishikiliwa na Peninah na mke wa katekista. Amepungua sana, Celina. Akasimama njiani akalitazama. Akatazama sana hadi watu wakaacha kuimba. Kisha akamuuliza Peninah, "Huyu mgeni ametoka wapi?"

Peninah akacheka akamwambia ni yeye. Watu wakacheka. Nyanya hakucheka. Alisema yeye anajua anavyofanana, kwa hiyo huyo ni mtu mwingine, na kama ibada ni ya huyo mama wa watu, basi ni adabu tumngojee afike ndipo tuanze. Akaketi kwenye benchi la nyuma, akakunja mikono. Mchungaji akamfuata na kipaza sauti akimbembeleza. Akamwambia mchungaji, "Mwenyewe hajafika. Unaharakisha nini?"

Tulingoja. Unaelewa? Kanisa zima, kwaya na sare zao, wazee na bakora zao, wote tuliketi tukimngojea mwanamke ambaye nilimtengeneza mimi. Mwishowe nikapanda juu ya mkaratusi na viatu vyangu vya Jumapili nikakata kamba kwa panga. Bango likaanguka kwenye tope uso chini. Ndipo nyanya akainuka akaenda mbele, ibada ikaanza.

Sasa vijana wa Makutano wakipita dukani wanachungulia wakiniuliza, "Boss, mwenyewe ameshafika?" Hata muuza mayai ananiuliza.

Hapo umefurahi. Furahi kabisa, maana linalofuata halitakufurahisha. Filamu haipo. Nilipoleta ile printa kubwa nilihitaji nafasi ya stoo. Nilizipitisha filamu zote za baba kwenye kompyuta kwanza, mashine ikazinyoosha zote kwa pamoja, nikaona zimehifadhiwa vizuri kuliko mwanzo. Kisha zote zilizokuwa kwenye lile sanduku nikazichoma nyuma ya duka. Baadaye ndipo nilipofungua ile ya mlangoni nikaona ilivyomfupisha masikio, na ndiyo hiyo niliyoiweka kwenye bango. Nilijua kabla hujaniandikia mara ya kwanza. Hakuna mahali popote duniani palipobaki nyanya mwenye sura yake ila pale kitandani Timau.

Daktari anasema ni moyo, na kwamba umri huo hakuna la kufanya. Usiniandikie mahubiri. Njoo na kamera.

Kaberia

*

Siakago,
Julai 28, 2025

Kaberia,

Tumerudi salama. Huku wamevuna kunde. Ndambiri anakusalimu, mimi sijui kama nakusalimu.

Uliposikia naja ulienda Maua kutafuta wino. Wino, Kaberia. Peninah alishindwa hata kuficha aibu usoni aliponiambia. Kuhusu lile sanduku sitaandika ninachofikiria, kwa sababu barua hii itapita mikononi mwa makondakta wa watu.

Nilimkuta nyanya ameketi kando ya moto, amejifunga skafu nzito ya sufu kichwani, imefungwa fundo chini ya kidevu. Unajua Julai ya Timau ilivyo, ukungu unaingia ndani kama mwenye nyumba. Nilimsalimu, tukaongea kidogo, kisha nikaanza kazi. Nilifungua mlango wote kwa ajili ya mwanga. Nikamfungua skafu. Nikamgeuza kichwa upande hivi na upande vile, ili ndewe ianguke vizuri na mwanga uipate kwa nyuma. Nilikuwa nimeipanga hiyo picha kichwani tangu Januari. Nilipiga nyingi sana. Nakuambia kama fundi, zilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kupiga, ungezitazama ungeacha hii biashara ukalime.

Nilipomwomba ainue kidevu tena akaniita kwa jina langu la utotoni, akaniuliza, "Kagirwa kangu, umekuja kuniona mimi ama umekuja kuona masikio?"

Nikamweleza. Nikamwambia ulivyomharibu, na kwamba mimi nataka watu wamwone alivyo. Alinisikiliza hadi mwisho, ana adabu zake. Kisha akasema, "Yule aliyatoa, wewe umeyarudisha. Mimi nimekaa hapa nasikia baridi. Funga mlango."

Nikafunga. Vidole vyake havikuweza fundo, nikamfunga skafu mimi. Nilikuwa na hasira na sikujua nimemkasirikia nani. Akaniuliza kama ninafikiri hiyo skafu amekuwa akiivaa miaka hii yote kwa kuwa anaona haya. Na ndivyo nilivyofikiri. Akasema masikio marefu huona baridi kuliko mafupi, na mtu yeyote aliyelala Timau usiku mmoja angejua. Halafu akanitazama kwa lile jicho, lile ambalo baba alikuwa akiitazama nalo kazi mbovu. Nilidhani ni la baba. Baba alilitoa kwake.

"Haya, piga sasa," akasema. "Nimekuchoka lakini piga."

Nilipiga moja tu. Mlango umefungwa, mwanga ni wa moto na wa dirisha dogo. Masikio hayaonekani hata kidogo. Zile nyingine nimezifuta kwenye kamera, sina hata moja, usiniulize.

Iko kwenye kadi niliyoibandika chini ya karatasi hii. Ichapishe kubwa. Ukiipitisha kwenye ile mashine yako nitajua.

Celina

*

Makutano, Meru,
Agosti 15, 2025

Dada Celina,

Tu wazima. Mvua imetuacha. Peninah amepika kunde zako, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mchanga.

Picha nimeichapisha vile ilivyo. Upande wa kushoto una giza. Skafu imefifia, na kuna moshi umepita mbele ya shavu. Mashine iliniuliza mara tatu kama nataka kurekebisha, nikaizima kwenye stima.

Kithaka wa Kanja alikuja wiki jana. Anataka picha ya mama yake ya kutundika sebuleni. Nilimtolea ile ya programu, aliyoililia. Akaigeuza-geuza, akaniuliza kama nimebaki na ile aliyoileta mwanzo, kabla sijaifanya. Alisema watoto wake wadogo wanauliza huyo ni nani. Nilimwambia sina. Mwalimu mkuu mzima, akaenda bila kuaga. Usinijibu kuhusu hilo.

Jumapili nilipeleka picha Timau mimi mwenyewe. Nyanya haamki tena kitandani. Nilimwinulia ile picha karibu na uso, nikaishika kwa mikono miwili kwa sababu ni kubwa, na kusema kweli niliogopa kuliko siku ile ya bango. Peninah alikuwa upande wa pili na taa.

Aliitazama. Akatoa mkono kwenye blanketi akaigusa karatasi penye shavu. Nikangoja aulize ni nani.

Alisema, "Huyu mwanamke ana njaa na nyinyi mmesimama tu. Mpikieni uji."

Peninah alitaka kwenda. Nikamwambia ashike picha, nikaenda kubandika uji mimi.

Kaberia